Anayefufua gemu iliyokufa ni fundi, si mhuni

Tangu mradi wa NYOTA uanze kugawa pesa, gumzo la vibarazani huku kwetu limekuwa moja: nani kapata, nani kakosa, na nani jina lake limepitia mlango wa nyuma. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni vijana 70 kila wadi, kila mmoja ruzuku ya shilingi 50,000. Likoni ina wadi tano, Changamwe tano, Kisauni saba. Jumla ni wadi 17, yaani vijana 1,190 katika maeneo bunge matatu. Kwa idadi ya vijana wanaokaa bure baina ya Mtongwe na Mwakirunge, hilo ni tone baharini.

Lakini mradi huo huo una kipengele kingine ambacho sijasikia mtu akikigombania. Ni kile cha kumpima kijana ujuzi alioupata mtaani, bila kupita darasani, na kumpa cheti. Pesa huliwa zikaisha, cheti hukaa. Na kila nikifikiria kipengele hicho, kuna kundi moja la vijana wetu linalonijia akilini ambalo hakuna kiongozi anayelitaja: wale wanaofungua vile vigemu vya mkononi, wakavitengeneza na kuvigeuza vikawa vitu vingine kabisa.

Sisemi wale wanaocheza. Wachezaji tunao tele, na kila mzazi ana lake la kusema juu yao. Nasema wale ambao raha yao haiko kwenye mchezo bali ndani ya kile chombo. Utawapata nyuma ya vibanda vya simu pale Magongo, kwenye vyumba vya uani Mlaleo na Mtopanga, na ng'ambo Likoni wameegesha meza chini ya mwembe. Mezani pana bisbisi ndogo ndogo, mita ya kupimia umeme, waya wa solda, chupa ya spiriti na mswaki mkuukuu. Kando kuna sanduku la vigemu vilivyokufa: PSP yenye betri iliyovimba kama andazi, Game Boy iliyopasuka kioo, Nintendo DS iliyokatika bawaba. Vingine vimetoka kwenye marobota ya mitumba Kongowea. Vingine vimeletwa na shangazi aliyekuja likizo kutoka Dubai au Uingereza, vikachezewa mwezi mmoja, chumvi ya bahari ikaviingia, vikatupwa juu ya kabati.

Mtu wa kawaida akiviona atasema takataka. Ngoja nieleze kijana yule anafanya nini, maana wengi tunahukumu jambo tusilolijua.

Tuchukue Game Boy Advance, gemu ya Nintendo iliyotoka mwaka 2001. Ilikuja na kioo kisicho na taa ndani, ukikaa kwenye kivuli huoni kitu. Inatumia betri mbili kavu, jumla volti tatu. Kijana anataka kuitia kioo kipya chenye mwanga, na betri ya kuchajiwa kama ya simu. Sasa betri ya lithiamu huandikwa volti 3.7, lakini ikijaa hufika 4.2. Huwezi kuichomeka tu mahali pa zile mbili kavu. Unahitaji saketi ya kushusha na kusawazisha umeme, saketi ya kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi, na uhakika kwamba kioo kipya hakivuti mkondo mwingi kuliko bodi inavyoweza kutoa. Kisha ganda la plastiki lenyewe lazima likatwe kwa ndani ili kioo kikae. Ukikosea milimita mbili, vitufe havibonyezeki. Ukikosea waya mmoja, bodi inaungua na hakuna spea.

Huyo kijana anapiga hesabu za volti, mkondo na upinzani, ile sheria ya Ohm tuliyoikariri shuleni kwa ajili ya mtihani tukaisahau kwenye basi la kurudi nyumbani. Yeye hakuikariri, ameiunguza mara kadhaa mpaka ikamkaa vidoleni. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanachukua ganda tupu la gemu ya zamani, ndani wanatia kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, wanaandika programu, na ganda lile linakuwa chombo kipya. Ile Raspberry Pi Pico ilipotoka mwaka 2021 bei yake ilikuwa dola nne. Kwa pesa hizo kijana ana ubongo mzima wa mashine mkononi.

Mimi nina diploma, na walionifundisha walikuwa watu wazuri. Lakini nakwambia, ndugu msomaji, wako wenye vyeti vizito kuliko changu ambao ukiwapa kapasita mkononi watakuuliza inaliwa na nini.

Mchezo huu haukuanzia huku, na haukuanzia kwa wahuni. Aliyebuni Game Boy, iliyotoka Japani mwaka 1989, aliitwa Gunpei Yokoi. Mwaka 1965 aliajiriwa na Nintendo, wakati huo ikiwa kampuni ya kutengeneza karata za kuchezea. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kiwandani. Kazi ikipungua, alijitengenezea kidude cha kujichezea, mkono wa kujikunjua unaoweza kushika kitu cha mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamwona nacho. Bosi mwingine angemwandikia barua ya onyo kwa kuchezea muda wa kazi. Yamauchi akamwambia akitengeneze kiwe bidhaa. Mwaka 1966 kidude kile kikaingia madukani na kikauzwa zaidi ya milioni moja. Yule fundi wa mashine akatolewa kwenye karakana akapelekwa kubuni.

Na falsafa yake ilikuwa ipi? Kwamba usikimbilie teknolojia mpya ya bei ghali. Chukua ile iliyozeeka, iliyo rahisi na inayojulikana vizuri, uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Kioo cha Game Boy kilikuwa duni kuliko vya washindani wake, hata rangi hakikuwa nazo. Lakini ilidumu na betri, ilistahimili kuangushwa, na pamoja na ndugu yake Game Boy Color zikauzwa zaidi ya milioni 118. Nikimsoma Yokoi namwona fundi wa Chaani. Kutumia kilichochakaa kwa njia mpya ndiyo elimu tuliyo nayo kwa wingi huku bara, ila hatujaipa jina.

Nenda kaangalie tuktuk zetu. Taa za rangi, spika chini ya kiti, skrini, chaja ya simu kwa abiria. Hakuna kiwanda kilichoileta tuktuk hivyo. Iko hivyo kwa sababu kuna mtu aliyekaa na waya akapiga hesabu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi lilikuwa na fundi wake na msumari wake, na hivi vya leo navyo vina mafundi wao.

Basi tatizo liko wapi? Naliona katika sehemu tatu.

La kwanza ni jina. Huku kwetu, kijana wa Kisauni au Likoni tayari ana doa kabla hajafungua mdomo. Miaka ya magenge ya visu imetuachia jeraha hilo, na waliouawa na kukatwakatwa ni watoto wetu na jirani zetu, kwa hiyo sitalipuuza. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana akikutwa na mkoba wenye vigemu vitano na simu tatu zilizofunguliwa, swali la kwanza halitakuwa umezitengeneza vipi. Litakuwa umeziiba wapi. Na swali hilo lina meno. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayepatikana na kosa la kushika mali ya wizi kifungo cha hadi miaka 14. Fundi aliyenunua gemu mbovu kwa shilingi mia mbili kutoka kwa mtu asiyemjua, bila karatasi yoyote, ameweka miaka yake kumi na minne mikononi mwa muuzaji huyo.

Tuseme ukweli pia: mali ya wizi ipo. Wapo wanaopora simu kivukoni asubuhi, na jioni zinakuwa spea. Fundi anayenunua akiwa amefumba macho ni mshirika wa mporaji, hata kama mkono wake haukushika kisu. Haramu haigeuki halali kwa kutiwa solda. Kwa hiyo nikimtetea fundi, namtetea yule aliye tayari kuonyesha kitu kimetoka wapi.

La pili ni kuchanganya mambo. Kubadilisha kioo, betri au ganda la gemu uliyoinunua ni kutengeneza mali yako. Kutia chipu ya kuvunja kufuli ili uuze michezo ya kuibwa ni jambo jingine. Sheria yetu ya Hakimiliki inakataza kuvunja kinga za kiteknolojia zilizowekwa kulinda kazi za watu, na duniani wenye kampuni hawachezi. Mwezi wa Februari 2022 mahakama ya Marekani ilimfunga Gary Bowser miezi 40 kwa kushiriki katika kundi lililouza vifaa vya kuvunja kinga za gemu, zikiwemo za Nintendo. Vijana wetu wanahitaji kuambiwa wazi mpaka uko wapi. Asiyeambiwa atauvuka huku akidhani yuko kwao.

Lakini na kampuni nazo zina lao. Ulimwengu sasa una vuguvugu la haki ya kutengeneza, yaani mwenye chombo apewe spea na maelezo ya kukitengeneza. California ilipitisha sheria yake mwaka 2023, lakini ikaziacha nje mashine za gemu. Gemu, kwa maoni yao, zifungwe. Kinyume chake, kampuni ya Valve ilipotoa gemu yake ya mkononi, Steam Deck, mwaka 2022, ilikubali spea zake ziuzwe kwa umma na miongozo ya kuifungua ichapishwe. Kampuni haikufilisika. Inawezekana, wakitaka.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni taka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa rasmi hazikufika hata robo, ni asilimia 22.3 tu. Huku kwetu, lile jaa la Kibarani lilifungwa, taka zikahamishiwa Mwakirunge, kule Kisauni. Mjini watu wakapumua. Mwakirunge je? Kila kioo cha simu, kila betri iliyovimba, kila bodi yenye risasi ndani yake inayotupwa Nyali au Mvita, safari yake inaishia kwa watu wa wadi ile. Na penye jaa la elektroniki pana watoto wanaochoma nyaya kupata shaba, na moshi ule wanauvuta wao, hauvutwi na aliyenunua televisheni mpya.

Sasa serikali ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na mwaka 2024 zikatoka kanuni zinazomtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini abebe jukumu lake mpaka siku inapokuwa taka. Vifaa vya elektroniki vimo. Waingizaji watalipa, mashirika ya kusimamia taka yataundwa, mikutano itafanywa hotelini. Swali langu ni moja: katika mpango mzima huo, fundi wa Mlaleo yuko wapi? Maana kurejeleza ni kukivunja chombo ukachukua shaba. Kutengeneza ni kukipa chombo miaka mingine mitano kabla hakijawa taka. Kijana aliyetoa gemu kumi kwenye sanduku la takataka akazirudisha mikononi mwa watoto amefanya kazi ya mazingira, bila semina na bila posho. Kama kuna pesa inayotozwa kwa ajili ya taka, basi aliyezuia kitu kisiwe taka ana haki ya kuulizia fungu lake.

Nisijidanganye kwamba kazi yenyewe ni salama. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto usiozimika kwa kata ya maji. Moshi wa solda kwenye chumba kisicho na dirisha si manukato, na solda ya bei rahisi ina risasi. Nimeona mtu akila mahamri kwa mkono ule ule ulioshika waya, na watoto wadogo wakicheza chini ya meza. Haya hayamalizwi kwa kuwakataza. Yanamalizwa kwa mafunzo, dirisha, ndoo ya mchanga na sabuni.

Na hapo ndipo narudi kwenye suala la cheti na karakana. Wazee wetu wa Pwani walilielewa hili kabla yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora walichanga pesa, serikali ya kikoloni ikaongeza, ikajengwa Mombasa Institute of Muslim Education pale Tudor ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 ikafunguliwa kwa watu wote ikaitwa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Polytechnic, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ni fahari yetu. Lakini kadiri chuo kilivyopanda cheo, ndivyo mlango wa fundi asiye na alama za kidato cha nne ulivyozidi kuwa mwembamba. Hata Swahilipot, kituo kizuri cha vijana wa teknolojia na sanaa, kiko kule kisiwani karibu na Fort Jesus. Kijana wa Timbwani avuke feri, wa Mtopanga avuke daraja la Nyali, wa Chaani avuke Makupa. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku kwa mtu asiye na kipato ni ukuta.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kupendekeza, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, mafundi wenyewe waweke daftari. Kila chombo kinachonunuliwa kiandikwe: tarehe, jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na nambari ya chombo chenyewe. Anayekataa kuandikwa asinunuliwe kitu. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake tangu 2015 inayodai leseni, na mafundi wa elektroniki hawana haja ya kusubiri bunge liwatungie yao. Wakiungana kumi kwa kumi kila mtaa, wakawa na daftari la namna moja na mhuri, askari atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kutia pingu. Na mzee wa mtaa atakuwa na ushahidi wa kumsemea kijana wake.

Pili, kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Hapa hakuna kisingizio cha Nairobi. Tunachotaka si jengo la kukatiwa utepe. Ni chumba kimoja katika chuo kilichopo tayari upande wa Likoni, kimoja Kisauni, kimoja Changamwe, chenye meza imara, mita, pasi za solda zenye kudhibiti joto, feni ya kutoa moshi na sanduku la kuwekea betri mbovu. Kifunguliwe jioni na Jumamosi kwa fundi yeyote wa mtaani, bila kuulizwa alama ya mtihani.

Tatu, upimaji. NITA inatoa majaribio ya ufundi ya Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na sasa kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Diwani anayeipigania orodha ya NYOTA aulizwe swali hili kwenye baraza: umewapeleka mafundi wangapi wa wadi yako wakapimwe? Kijana anayeweza kubadilisha kioo cha gemu anaweza kutengeneza mashine ya kupimia presha, redio ya boti, kidhibiti cha umeme wa jua. Mikono ni ile ile. Linalokosekana ni karatasi inayomruhusu mwajiri pale bandarini au hospitalini kumwamini. Mimi karatasi yangu imenifungulia milango ambayo ujuzi wangu peke yake usingeifungua, na sioni kwa nini nimnyime mwenzangu.

Kwa wazazi nina neno pia. Najua hofu yenu, maana ni yangu. Gemu imekula sala za watu na vitabu vya watu, na siku hizi nyingine zimekaa jirani na kamari, mtoto anaanza kwa mpira wa kwenye skrini anaishia kuweka dau. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kuna tofauti ya kijana anayekodolea kioo macho mpaka usiku wa manane, na kijana aliyekigeuza kioo kile kifudifudi akauliza ndani mna nini. Wa kwanza muamshe. Wa pili mnunulie mita, ndogo ni bei ya kilo chache za nyama.

Kisha mkalishe umuulize: hiki umekipata wapi, umekifanya nini, na umejifunza nini? Akiweza kujibu maswali hayo matatu bila kuinamisha macho, mpeleke kwa diwani wako, na cheti chake ukidai wewe.